Nukta Tatu

Miaka ishirini na miwili nimeandika kwa brashi:
VINYOZI MAKINI. GENGE LA MAMA TULA.
LEO TASLIMU KESHO MKOPO, na hiyo kesho haijafika.
Kuta za Makole zinaujua mkono wangu,
zinajua ninavyobana pumzi nikifika tumboni mwa S.

Sasa nimekaa kwenye stuli ya plastiki
nyuma ya duka la steshenari, Nkuhungu,
saa moja jioni, mashine ya fotokopi bado ina joto,
na Nyemo, binti wa miaka kumi na tisa, ananiambia:
"Mzee Chibago, usichore.
Weka nukta. Halafu nukta. Mstari utakuja wenyewe."

Mstari haukuja.
Ulikuja mwiba. Ukaja mguu wa kuku.
Nilivuta kishikio kidogo tu, kwa adabu,
mkunjo ukaruka nje ya karatasi kama mbuzi aliyekata kamba.
Na karatasi yenyewe si karatasi. Ni weupe
usiokwaruza, usionuka tapentaini,
usioniachia hata doa la shati la kumwonyesha mke wangu
kwamba leo nilikuwa kazini.

Kazi ni ya Mama Madeje wa Mvumi.
Anakausha mlenda, anautwanga, anaupima kwa kijiko
kwenye vifuko vya robo, na anataka nembo.
"Nembo ya maana," alisema. "Siyo jua.
Kila mtu ana jua. Hata wauza sabuni wana jua."

Nikamchorea jani. Akasema ni mchicha.
Nikamchorea chungu. Akauliza kama anauza vyungu.
Nikamchorea mama anayetwanga: siku nne,
nukta mia na sitini, kila kidole na nukta zake.
Nyemo akaupunguza mchoro hadi ukubwa wa kucha.
Mama akawa nzi.

"Haya, ukuze," nikasema, nimeudhika.
Akaukuza. Ukajaza kioo, ukapita kioo;
angeweza kuutandika ubavuni mwa Mlima Simba
na ukingo usiote jino hata moja.
Hapo ndipo nilipoliogopa lile dude, nikalipenda.
Rangi yangu mimi hupasuka jua la mwezi wa kumi likiigusa.

Kisha umeme ukakatika.
Sikuwa nimehifadhi.
Gizani Nyemo akacheka kwa Kigogo:
"Idodomya."
Imezama,
kama yule tembo wa hadithi aliyeuachia mji jina;
na mama naye, na kinu, na mchi,
na nukta zote mia na sitini.

Nikarudi kwa miguu, vumbi mdomoni.
Chini ya kawa kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda.
Nikamega, nikachovya, nikainua.
Uzi ukafuata.
Ukatoka bakulini, ukapanda, ukalegea katikati,
ukapinda kwa uzito wake, haukukatika.
Nikausimamisha mkono hewani
mpaka mke wangu akauliza kama nimepatwa na kiharusi.

Bakulini, nukta. Kidoleni, nukta.
Na moja tu katikati, pale unapolegea.

Kesho yake nikabana pumzi kama tumboni mwa S.
Nikavuta kishikio. Nikakiachia mapema.
Mstari ukakaa.

Mama Madeje aliutazama muda mrefu,
akaigeuza simu, akaigeuza tena.
"Huu unavutika," akasema. Akanyamaza.
"Lakini mstari mmoja, Chibago! Elfu themanini?"
Nikamwambia ni nukta tatu.
Akazihesabu kwa kidole juu ya kioo kikavu,
kisha, bila kujua, akakifuta kidole kwenye khanga
kana kwamba mlenda umemshika.