Damu ya Mzee

Mselem amenishikisha simu yake, barazani, Mchangani:
"Chagua, daktari. Injini ile ile, bei ile ile,
kilichobaki ni rangi."
Mimi si daktari. Ni muuguzi wa chanjo,
Mgagadu hadi Kengeja,
lakini muuza magari humpandisha kila mtu cheo.

Jeupe sitaki.
Sare yangu nyeupe naifua kila siku ya Mungu,
naitia buluu, naianika,
na Ijumaa ikifika pindo lina wekundu wa njia.
Nguo moja yanitosha kuiombea msamaha.

Jeusi, alisema, lina haiba.
Jeusi nimeliona la sheha wetu:
asubuhi kioo,
adhuhuri limepakwa unga
kama mpishi wa maandazi.

"Basi chukua la majivu.
Unguja hii wenye akili wote wamo ndani ya majivu.
Vumbi likitua, hulioni kama limetua."
Kweli. Shemeji yangu wa Jambiani analo,
halijaoshwa tangu mfungo mosi
na linakwenda harusini.
Lakini vumbi lenu jeupe, Mselem.
Kwetu Pemba ardhi hutafuna tambuu.
Masika yakiingia njia ya Mgagadu, hutema,
na mate yale juu ya majivu
utadhani nimegonga mtu.

Nikapitisha kidole, picha baada ya picha,
nawaza kama mwizi:
rangi gani, mtu akiitazama,
hatajua nilipopita?

Ikatokea.
Si nyekundu, si kahawia,
haikutaka kujieleza.
Mselem akakuna ndevu: "Hii ndiyo damu ya mzee."

Kombo kwenye simu alinyamaza kidogo.
"Gari la damu ya mzee,
na wewe utapakia watoto?"
Mume wangu, damu naijua kuliko jina lake.
Wekundu ni wa dakika ya mwanzo tu;
ikikaa kwenye pamba
huwa rangi hii hii,
rangi ya njia ya kwetu.

Likashuka bandari ya Mkoani, kiangazi.
Miaka miwili sikuliosha.
Nisiseme uongo: niliosha Idi moja,
mbele tu.
Matope yakiruka, yalifika kama mgeni aliyekuta ndugu zake,
hayakuuliza pa kukaa.
Bi Zume, jirani, anayeona unywele ndani ya pilau ya watu mia,
alilizunguka gari akasema, "Mashaallah, unalitunza."
Nikajibu, "Alhamdulillahi,"
nikaingia ndani haraka.

Mpaka Shaame, fundi wa Machomane,
akalala chini yake na bisibisi,
akabisha hodi juu ya gurudumu la nyuma,
bisibisi ikapita
kama kijiko kwenye papai.
"Dada, ulificha nini humu?"
Mimi sikuficha. Rangi ilificha.
Udongo ulikaa, chumvi ya pwani ikakaa na udongo,
wakala chuma taratibu, kwa adabu,
hawakuacha makombo.
Na mimi huwafokea kina mama
wanaoniletea kidonda kimefungwa leso safi,
leso ya maua, imepigwa pasi!
Harufu ndiyo iliyowaleta, si jicho.

Jioni ile niliteka ndoo saba.
Maji ya kwanza yalitoka mazito kama uji wa mtama.
Ya tatu yalikuwa chai.
Ya sita nikaanza kuona mlango,
na mlango haukuwa rangi ya matope hata kidogo:
ulikuwa na wekundu wa ndani,
wa karafuu iliyochelewa kuchumwa.
Nikabaki na kitambaa mkononi, kinadondoka miguuni.

Bi Zume akatoka na ufagio wake.
"Hee! Umenunua jipya?
Lile la zamani umeliweka wapi?"

Nikamwonyesha ndoo.