Reli Iliyosimama Wima

Malindi haina treni.
Babu aliwaambia wageni hivyo, akangoja wakubali,
kisha akawashika mkono hadi ukingoni mwa Sabaki
akawaonyeshe reli.

Kipande kimoja tu, kirefu kuliko watu wawili,
kilicholetwa na lori kutoka Kilindini
juu ya magunia ya saruji, enzi za pantoni ya kuvutwa kwa kamba.
Wapimaji walikuwa wametangulia na darubini ya miguu mitatu.
Gari-moshi litavuka hapa, walisema,
pamba iteremke, watu wapande.
Wakapigilia vigingi mpaka uani kwa Hawe Kadii,
penye kigango cha mumewe.
Hakupiga kelele. Aliketi juu ya kigingi
tangu asubuhi hadi adhuhuri, akichambua mchicha.
Wakaikunja reli kwa penseli, hatua thelathini,
reli ambayo haikuwapo.

Kisha barua: fedha zimekwisha.
Vigingi vikafungiwa mbuzi.

Likajengwa daraja la magari, jembamba,
lori likiingia, baiskeli ingoje.
Msimamizi Gurdit, kilemba kimejaa vumbi la saruji,
hakutaka chuma kizuri kioze bure.
Akakisimamisha mtoni kando ya nguzo ya tatu,
akakipigilia vibao vya namba,
akamwajiri Babu, Mwaringa wa Chengo,
shilingi kumi na nane kwa mwezi,
akisome kila alfajiri na kuandika.

*Futi mbili na nusu. Maji rangi ya chai ya maziwa.*
*Futi nne. Kiboko na mwanawe chini ya nguzo ya pili.*
*Futi tatu. Bibi harusi wa Mambrui amepita.
Lori lilizimika katikati. Walishuka kusukuma, naye amesukuma.*
*Futi moja. Ng'ombe wanavuka kwa miguu. Daraja leo halina kazi.*

Hakuna aliyemwomba aandike habari za bibi harusi.
Safu ilikuwa tupu, alisema,
na karatasi ni ya serikali.

Mwaka wa gharika alisoma kila saa, kwa kurunzi.
Nane. Kumi na moja. Kumi na sita.
Miti ilikuja mizima, mizizi hewani.
Likaja paa la makuti, jogoo juu yake, anawika.
Usiku wa manane chuma kiliguna mara moja,
kama mzee anayeinuka kitini.
Ukurasa wa asubuhi una mstari mmoja:
*Hakuna daraja. Reli ipo, imeinama. Namba zimezama.*

Mambrui ikawa ng'ambo tena.
Mafuta ya taa yakapanda bei mara tatu.
Nyevu alishikwa na uchungu akisubiri zamu,
akajifungulia mchangani, mtoto akaitwa Pantoni.
Ana duka la vipuri Gongoni hadi leo,
na ukimuuliza jina, anabadilisha mazungumzo.

Daraja jipya lilikuja na watu wa kofia ngumu.
Walipaka vipimo vyao kwenye zege lenyewe, kwa mita.
Babu alishuka na kamba, akalinganisha,
akaandikia wizara:
*Sifuri yenu iko shubiri mbili juu ya sifuri ya mto.*
Wizara haikujibu. Mshahara nao ukakoma.
Tangu hapo daftari lina safu mbili,
*ya serikali* na *ya kweli*.

Nimelirithi, pamoja na kurunzi isiyowaka.
Alikuwa amekwisha kuandika tarehe hadi Desemba,
kwa rula, mwandiko wa mtu asiye na haraka,
akafa Agosti.

Leo nimeteremka. Reli inaonyesha bega tu,
kutu yake na maji ni rangi moja.
Sijui kusoma shubiri. Nimekisia.
*Futi tatu hivi. Maji mekundu.
Lori la chumvi limepita likivuja pembe zote mbili za nyuma.
Mistari miwili myeupe juu ya daraja, sambamba,
inaelekea Malindi.*