Siku ya Tatu, Groningen

Miaka arobaini Wiebren alifungua malango ya mfereji
kidogo kidogo, asije akazamisha shamba la mtu.
Juzi ilikuwa zamu ya shingo yake:
mshipa uliobana kama tundu la sindano
sasa unapitisha damu kwa kishindo.

"Nimepona," asema, anadai kahawa.
Geesje hacheki. Anatazama mashine ya presha:
mia na themanini.
Mia tisini na mbili.
Ubongo uliozoea kibaba
umemwagiwa pishi nzima.

"Kichwa, Geesje. Upande huu,
nyuma ya jicho."
Anasema polepole, kama mwenye deni.

Geesje haitafuti kengele.
Anakimbia koridoni na soksi tu miguuni,
akimwita muuguzi kwa jina lisilo lake.