Mhuri Mfukoni

Alfajiri ya Hereford, baridi imeng'ata mabomba.
Nimevaa buti nyeupe, kofia ya wavu,
na mhuri mfukoni, mzito kuliko mkono.

Ng'ombe wa kumi na tisa akapita kulabuni.
Nikasema: simamisha.
Mashine ikakohoa, ikanyamaza;
wanaume wanane wakanitazama, visu vikichuruzika.

Ndani ya uti, palipopasuliwa na msumeno,
ugwe ulikuwa umebaki. Mweupe. Urefu wa vidole vitatu.

"Uzi tu huo," Bwana Prosser akasema,
"uzi wa kushonea kifungo!
Lori linanguruma nje, daktari. Birmingham wanasubiri."

Akili ya ng'ombe yule sikuijua.
Labda alikuwa buheri wa afya.
Lakini ugonjwa huu haukohoi, haunuki,
moto wa jiko hauuogopi;
hukaa kwa mlaji miaka, kama mgeni mpole,
kisha siku moja humnyang'anya jina la mama yake.

Sheria yenyewe ni karatasi. Najua.
Haina meno mpaka mtu asimame hapa,
miguu imekufa ganzi, aseme hapana
kwa watu atakaokunywa nao chai saa nne.

Nikamwaga rangi ya buluu.
Ikatiririka ubavuni hadi sakafuni.
Prosser akatukana, akaifuata simu.

Eifion, mshika msumeno, hakusema neno.
Aliufungua mpira wa maji,
akaanza kuosha, jino baada ya jino.
Binti yake, niliambiwa baadaye,
angetimiza ishirini na mbili Mei ile.