Mrututu

Nilidhani ni vumbi.
Mwezi wa nane, ng'ambo ya Kafubu, kila kitu ni vumbi:
nguo kambani, sufuria ya bukari, nyusi za watoto.
Nikalamba kidole, nikasugua jani la mandarini.
Doa halikutoka.
Nikaligeuza: upande wa pili pia,
kipele kikavu kilichopasuka katikati,
njano ikikizunguka
kama jua la mtoto aliyepewa kalamu mbili tu za rangi.

Mama Kilufya, agronomu, alishuka kwenye pikipiki
na hakunipa pole.
"Miche uliitoa wapi?"
Nikaona haya. Njia ya Kasumbalesa, kwa kijana wa baiskeli,
mizizi ndani ya mfuko wa saruji, nusu bei.
Ile nusu nyingine
ndiyo nilikuwa naanza kuilipa.

Donda ndugu, husema watu,
na kweli lina ndugu wengi:
tone la mvua linalodunda jani hadi jani,
upepo unaolibeba bila nauli,
kiwavi anayechimba njia ndani ya jani changa
akaondoka bila kufunga mlango,
na mimi, na sekateri yangu,
niliyepogoa mti baada ya mti huku naimba,
nikipeleka ugonjwa nyumba kwa nyumba
kama mpiga umbea.

Tukakata kabla mvua hazijarudi.
Matawi, kisha vigogo. Kumi na tisa kati ya arobaini.
Kati ya mti na mti, msumeno ndani ya ndoo ya javeli,
mikono nayo, hadi ngozi ya vidole ikakunjamana.
Tukachoma palepale, tusiburute hata kijiti njiani.
Moshi ukanukia vizuri, hilo sikulitarajia,
ukanukia maganda ya Noeli,
na watoto wa jirani wakaja kuuliza tunapika nini.

Baba alikaa miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru.
Shaba ilitulisha, shaba ikamwachia kikohozi,
moshi wake ukababua mipera yetu kule kambini.
Sasa anakoroga shaba tena, ya buluu safari hii:
mrututu kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya chuma,
chokaa kwenye nyingine,
buluu ikimiminwa juu ya nyeupe, polepole,
fimbo ikizunguka.
Kisha anachovya kisu.
Anahesabu kwa Kifaransa, kama kwenye zamu za usiku.
Kisu kikitoka chekundu, dawa bado ni kali, itaunguza;
anaongeza chokaa, anachovya tena.
Kisu kikitoka cheupe, ananitazama
kama siku zile alipoleta mshahara mzima.

Mti wa ishirini ulikuwa wa Monga.
Aliupanda mwenyewe wiki ile alipoondoka kwenda Kolwezi kuchimba,
na simu yake haijaita tangu Pasaka.
Niliuzunguka mara tatu.
Majani kumi na moja tu, nikamwambia Mama Kilufya. Kumi na moja.
Akajifanya anatafuta ufunguo wa pikipiki.
Nikakata matawi mawili, nikaosha msumeno,
nikaubakiza.
Usiniulize kama ni kilimo.

Upande wa Mzee Kapya, nyuma ya ua wa matete, michungwa haijaguswa.
Upepo hutokea huko.
Jumamosi nimembebea dawa iliyobaki, nusu ndoo,
na kisu, nimwoneshe.
Alinikaribisha kiti. Ndoo hakuitazama.
Nitarudi Jumamosi nyingine.

Jana mvua ya kwanza, matone mazito, ardhi nyekundu ikaruka hadi magotini.
Asubuhi mti wa Monga umetoa machipukizi,
laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.
Kwenye moja, karibu na ncha, kuna kitu.
Baba anauliza kutoka mlangoni.
Vumbi, nasema,
nalamba kidole.
Kina ladha ya shaba.