Usifungue Mlango

Miaka kumi na tisa nilipikia kombania nzima,
sufuria za kukorogwa kwa sepetu,
posho na maharage, maharage na posho,
na aliyenishukuru ni njaa peke yake.

Leo, Kabale, ukungu umeshuka mpaka kwenye kamba ya nguo,
nami nina mayai matatu.
Matatu tu.
Mkono unauliza: mengine yako wapi, afande?

Unga nusu kikombe, maziwa nusu kikombe,
chumvi ya ncha ya kidole.
Ainembabazi ananisomea karatasi
aliyoiacha mama yake kabla ya zamu ya usiku,
mwandiko wa nesi, unaokimbia kama kuna mgonjwa mlangoni.
"Piga mpaka madonge yaishe."
Napiga. Madonge nayajua, tumezeeka pamoja.

Matofaa ni yetu, ya mti wa nyuma ya choo
ambao jirani Tibenderana aliapa hautazaa.
Madogo, yana makovu ya mvua ya mawe,
yana uchachu karibu na kokwa.
Nayakata membamba, mdalasini juu,
siagi inalalamika ndani ya kikaango cha chuma.

Oveni tuliinunua kwa masista walipohama.
Namba zimefutika, mlango unafungwa kwa waya.
Joto nalipima kwa mkono: moja, mbili, tatu,
ukiutoa kabla ya tano, mwaga uji wako.

Kisha amri ya mwisho, imepigiwa mstari mara mbili:
USIFUNGUE MLANGO. DAKIKA ISHIRINI.

Tukakaa mbele ya kioo, yeye juu ya jerikeni, mimi chini.
Kingo zikaanza kupanda,
zikapanda tena, hema linasimamishwa bila watu.
"Baba, inapumua."
Umeme ukapepesa. Tukabana pumzi sote wawili.
Ukarudi.
Nimewahi kulinda daraja usiku kucha;
mikono haikuniwasha namna hii.

Kobusingye akaingia, viatu vimelowa,
ana harufu ya dawa ya kusafishia vidonda.
Nikaitoa juu juu, kama bendera ya kikosi,
na kabla sijafika mezani
ikanywea.
Pyuu.
Katikati shimo, bonde kabisa.
Nikasimama kama mlinzi aliyekutwa amelala.

Akacheka. Wiki nzima sikuwa nimekisikia kicheko hicho.
"Ndivyo ilivyo, baba. Isiponywea
asali utaiweka wapi?"

Nikakata vipande vinne.
Tuko watatu.
Mkono huu bado una kombania yake.

Ainembabazi, funika hiki kwa sahani,
mpelekee Tibenderana kingali moto.
Usimwambie neno.
Akiuliza ni nini,
mwambie ni tofaa.