Kofia ya Rowland Dockray

Baba alikuwa fundi kofia, pale Kendal.
Sufu ya kondoo wa milimani, manyoya ya sungura,
jungu likitokota kutwa, mvuke umeozesha mlango,
na mikono yake imebabuka hata haihisi joto la uji.
Jaji aliyemhukumu alivaa kofia ya baba.
Aliichukua kwa mkopo.

"Vua," jaji akasema.
Baba akatazama: kofia mbili, jungu moja.
"Wewe umefunika chako, nami nimefunika changu."
Hiyo *wewe* ndiyo iliyowachoma.
Wewe ya mtoto, wewe ya mbwa, wewe ya Mungu:
baba hakuwa na nyingine mfukoni.

Wakacheka. "Mtetemekaji huyu, mtetemesheni!"
Wakamtetemesha.
Gereza la Lancaster, chumba cha chini,
maji yanafika kifundoni,
faini pauni arobaini, na fundi hana hata nne.

Marafiki wote wazima wakafuata, mmoja mmoja,
hadi mama na mimba yake ya miezi saba.
Tukabaki watoto,
na mlango wa karakana umepigwa misumari.
Siku ya Kwanza tukaketi nje, thelujini:
mimi Jennet, miaka kumi na mitatu,
ndugu yangu Cuthbert, tisa,
na mapacha wa Airey wasiojua kunyamaza.

Wakanyamaza.

Sijui nikueleze vipi kimya kile.
Si cha woga, hicho nakijua.
Si cha msiba, hicho nilikuja kukijua.
Kilikuwa kama jungu kabla halijachemka:
povu hulioni, ila unasikia kitu kinakaribia.

Askari Mounsey akaja na fimbo,
akampiga Cuthbert begani.
Cuthbert akasogea,
akampa nafasi akae.
Mounsey hakukaa.
Lakini hakupiga tena, siku hiyo.

Theluji ilipoyeyuka mkokoteni ukaleta kofia,
kofia tu, imefungwa kamba ya katani.
Mlinzi alituma neno:
usiku ule aliivua mwenyewe,
akaiweka magotini,
akazungumza na mtu ambaye mlinzi hakumwona.

Nimeinusa. Ukungu, panya,
na kwa mbali, mbali sana, jungu letu.
Nimeitundika msumarini, pale pale mlangoni
walipotufungia.

Deni la jaji bado limo daftarini:
shilingi kumi na mbili.